Meno Mgongoni

Bi Tupa alirudi kutoka kumuuguza mama mkwe wake, hata mkoba hajautua, akafungua kasha la visu karakanani na damu ikamchemka. Visu alivyoviacha vimekamilika, visu alivyovipiga tupa mwenyewe mpaka mgongo wa kila kimoja ukawa laini wa kupitishwa shavuni, sasa vilikuwa na meno. Meno ya msumeno, yamechongwa kwa grenda juu ya mgongo, kuanzia karibu na ncha mpaka karibu na mpini. Akatoa cha kwanza, akatoa cha pili, akaanza kuvitoa kwa mafungu. Vyote. Hakikubakizwa hata kimoja cha dawa.

Jina la Bi Tupa alipewa na wateja, na lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake pale karakanani: kaka yake anafua chuma na kukichovya kwenye mafuta, yeye anakishika kwa tupa, anakipa umbo la mwisho, anakitia mpini na kukinoa. Sababu ya pili ni ulimi wake, na hiyo haina haja ya maelezo. Siku ile ulimi ulikuwa unawasha.

Kilichomkera zaidi ni chapa. Kwenye kila kisu, karibu na mpini, palikuwa na duara dogo lenye nyundo ndani yake, chapa ya marehemu baba yao, imetulia palepale chini ya yale meno kana kwamba hakuna lililotokea. Na baba yao alikuwa na utaratibu wake ambao watu wa pale mjini waliujua. Kisu chake hakikuwekwa mezani mtu akaokota. Mzee alikishika mwenyewe, mgongo wa kisu umelala katikati ya kiganja chake kitupu, makali yanatazama nje, mpini umeelekea kwa mteja. Halafu anamwambia avute. Tena avute kwa nguvu, kama anamwibia. Kisu kikichomoka na kiganja cha mzee kikabaki kizima, basi kazi imekubalika. Mzee alisema kisu kina upande mmoja wa kuogopwa, na ukiona umeanza kuogopa pande mbili ujue fundi amekucheza shere. Watoto wake wawili waliurithi utaratibu huo pamoja na fuawe na deni la kulilinda jina lake.

Kaka yake akaingia anajifuta mikono kwenye aproni, uso umemng'aa. Akamuuliza kama ameviona. Yaani mtu alikuwa anangoja asifiwe! Bi Tupa akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo wote waliomjua waliiogopa kuliko ile ya juu, ni nani aliyemwingilia kazi yake.

Mambo yalikuwa hivi. Visu vile viliagizwa na mkuu wa doria wa askari wa msitu, kwa ajili ya askari wake wapya. Wakati Bi Tupa yuko kwa mama mkwe, mkuu huyo alipita na simu yake, akamwonyesha kaka mtu picha ya kisu cha mgongo wa msumeno, akauliza kama vyao vinaweza kuwa hivyo. Na kaka mtu hajui kusema hapana. Ukimuuliza kama anaweza kufua jua atakwambia lete. Basi akawasha grenda, akachonga meno, na kila alipomaliza kimoja alikiinua juu akijisifia peke yake. Hayo aliyasimulia mkewe baadaye, na mkewe hakuwa anamsifia.

Lakini lililomuuma Bi Tupa hasa ni hili: mmoja wa askari hao wapya alikuwa binti yake. Mwanawe wa pekee. Amehitimu mafunzo, ameshonewa sare, na kesho yake alikuwa anakwenda kupokea kisu na kuingia msituni kwa doria ya kwanza, mahali ambapo mvua haikatiki na mtu wa kukufunga kidonda yuko mbali. Kimoja kati ya vile visu kilikuwa cha kwenda kiunoni mwake.

"Hebu niambie," akamwambia kaka yake, "mtoto akinyeshewa huko ndani, kuni zote zimelowa, atafanya nini?"

Kaka akasema atapasua kuni. Jibu sahihi. Ndani ya kuni kuna pakavu, na kila askari wa msitu anajua: unaweka makali juu ya kuni, unakipiga kisu mgongoni kwa gongo, kuni inapasuka. Basi Bi Tupa akamwonyesha. Akaokota kipande cha mti, akakisimamisha, akakipiga kisu mgongoni kwa gongo. Meno yakalila gongo, vumbi na nyuzi zikaruka, kisu kikapinda kando na kukwama. Akapiga tena, meno yakang'ang'ania gongo likawa halitaki kutoka. Akalitupa chini. Halafu akamwambia amshikie kisu kama mtu anayechonga vibanzi vya mti vya kuwashia moto, amwambie kidole gumba kinakaa wapi. Kaka akakishika. Kinakaa mgongoni. Kinakaa palepale kwenye meno, na kinasukuma.

Kaka akasema wasichonge hivyo, waweke kidole nyuma zaidi. Tena meno yana kazi yake, yanakata. Bi Tupa akacheka kicheko kibaya. Msumeno, akasema, jino moja limepindishwa kushoto na lingine kulia, ndiyo maana unapita kwenye mti bila kubanwa. Haya ya kwako yamesimama mstari mmoja kwenye mgongo mnene, yanaingia kina cha ukucha halafu yanakwama. Huu si msumeno. Ni kisu kilichoharibiwa.

Hapo kaka akatoa karata aliyokuwa ameificha. Akanyoosha kidole ukutani, juu ya jiko la mkaa, kilipotundikwa kisu cha zamani kilichoota kutu. Kilikuwa na meno mgongoni. Alikifua baba yao mwenyewe.

"Na yeye alikosea?" akauliza.

Kisu kile Bi Tupa alikuwa amekizoea mpaka haoni tena kama kipo. Lakini akakumbuka. Kile kilikuwa cha mtu wa uokoaji, aliyekuwa akiwatoa watu kwenye magari yaliyopinduka. Alitaka meno ya kuchania bati, basi. Kwa kazi nyingine zote alikuwa na kisu kingine, na siku zote alivaa glavu nene za ngozi. Tena kisu chenyewe mzee hakukipiga chapa, waende wakakitazame. Wakakitazama. Hakikuwa na chapa.

"Bati, kaka. Msituni kuna bati gani?"

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa mlangoni na kazi yake mkononi. Yeye ndiye mshonaji wa ala za visu hivyo. Akaingilia kati kwa upole akasema kwamba, maadamu wameanza, hata yeye ana lake: kila kisu kikichomolewa, yale meno yanakata uzi, ala mbili zimekwisha fumuka. Mumewe akamtazama kama msaliti.

Akaja juu. Akasema wao wawili wamekuwa kama walinzi wa kaburi, kila kitu lazima kibaki pale alipokiacha baba. Watu siku hizi wanapita hapo mlangoni bila hata kugeuza shingo, wanakwenda duka la kona kununua visu vinavyong'aa, vyenye meno mgongoni na dira kwenye mpini. Yeye amechoka kupitwa.

"Basi mwakani tuweke na kioo cha kunyolea ndevu," Bi Tupa akasema.

Wifi akacheka, akajifanya anakohoa. Kaka hakucheka. Bi Tupa akasema anakwenda kuchukua tupa sasa hivi, meno hayo hayalali humu. Kaka akamtangulia, akavirudisha visu vyote kwenye kasha, akalifunga kwa kufuli, akatia ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, amening'iniza ufunguo kifuani kama mtoto aliyeachiwa nyumba.

Nyumbani, alidhani angalau atapata wa kumwelewa. Alimkuta binti yake anapiga sare yake pasi. Binti akamwambia visu ameshaviona, mjomba alimwonyesha wiki iliyopita, na kwa kweli vinapendeza, wenzake wote wanavisubiri kwa hamu. Bi Tupa alihisi masikio yanapata moto. Akamweleza habari ya gongo, ya kuni, ya kidole gumba. Binti alisikiliza huku anakunja kola, halafu akasema yeye atajihadhari.

Neno hilo ndilo lililomtia wazimu. Utajihadhari vipi na kitu ulichokishika? Utajihadhari umelowa, mikono imekufa ganzi kwa baridi, unatafuta moto gizani? Akasema mengi, na mengine hayakuwa ya kusema, ikiwamo kwamba mtoto huyo kichwa chake amekirithi kwa mjomba wake. Binti akaweka pasi kando.

"Mama, kesho ni siku yangu ya kwanza mbele ya mkuu wangu. Nakuomba usiniaibishe."

Bi Tupa hakuahidi chochote. Walikula, na kila mmoja aliosha sahani yake.

Kesho yake askari wakafika na gari lao, wameshuka na buti mpya zinazolia kila wakipiga hatua. Mkuu wa doria alikuwa mtu mnene, mchangamfu, miwani ya jua juu ya kofia, wa kumshika kila mtu begani. Kaka alikuwa amevipanga visu juu ya meza ndefu nje ya karakana, mgongo wenye meno juu, ili vionekane vizuri. Akachukua kitawi kikavu, chembamba kama kidole, akakikereza kwa meno yale, unga wa mti ukamwagika kidogo, kikavunjika. Askari wakapiga makofi. Mmoja akasema kwa chini kwamba kile hata kwa goti kingevunjika, mwenzake akampiga kiwiko. Bi Tupa alisimama karibu na mlango, mikono imekunjwa, mdomo ameubana. Binti yake alikuwa anamtupia jicho kila mara, na kila mara alionekana kushukuru.

Kaka akawakaribisha wasogee, kila mtu ajichukulie chake mezani.

"Kaka," Bi Tupa akasema, "siku hizi tunakabidhi mezani?"

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuhitaji, maana mkuu wa doria aliruka kwa furaha. Akasema kweli kabisa, alikuwa amesahau, yeye mwenyewe kisu chake cha kwanza alikivuta kutoka mkononi mwa mzee, na alivuta kwa nguvu nusura aanguke chali. Akawageukia vijana wake akawasimulia habari yote, mgongo kiganjani, vuta kama unaiba. Akataka wafanyiwe vivyo hivyo. Akasema aanze mdogo kuliko wote, na mdogo kuliko wote alikuwa binti ya Bi Tupa.

Ndipo kaka alipoelewa. Ilionekana usoni. Tangu alipowasha grenda siku ile ya kwanza, alipima meno, akapima kina, akapima umbali kati ya jino na jino, na hata mara moja hakuufikiria mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekabidhi visu maisha yake yote. Alisahau kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Akapeleka mkono kwenye pembe ya aproni ili akizungushie kisu kitambaa.

"Baba hakuvisha kisu nguo," Bi Tupa akasema.

Kaka akamtazama, akaona kwamba dada yake alikuwa anaingojea dakika hiyo tangu jana. Akaiachia aproni. Akachukua kisu cha binti, akaulaza mgongo katikati ya kiganja chake cha kulia, akafumba vidole pande mbili za bamba, akamwelekezea mpwa wake mpini. Mishipa ilimtoka shingoni, kando ya ule uzi wa ufunguo.

"Vuta," akasema.

Binti akaushika mpini. Tangu utoto alikuwa amecheza mchezo huo na mjomba wake kwa kisu cha mti, akivuta mpaka wote wawili wanaanguka wakicheka. Safari hii hakuna aliyecheka. Hata mkuu wa doria alikuwa ameinamisha kichwa kutazama vizuri ule mgongo na ule mkono, na uchangamfu ulimwisha.

Na Bi Tupa, ambaye alilitaka hili, alilipanga, akalala nalo kitandani na kuamka nalo, akauona ule mkono. Ni mkono wa nyundo. Ni mkono ulioushika wake juu ya tupa alipokuwa hajui kusukuma, ukamwonyesha, taratibu, mpaka akajua. Mtoto akivuta, ule mkono utachanika mpaka kwenye mshipa, na yule mjinga hatauachia, maana ni mtoto wa baba yake na hana tofauti na dada yake. Alitaka kusema acha. Ulimi wake, ule unaojulikana mji mzima, ulikataa kunyanyuka, na hasira aliyokuwa nayo kwa kaka yake ikamgeukia yeye.

"Mjomba," binti akasema, "nivute?"

"Nimekwambia vuta."

Binti hakuvuta. Alimtazama mjomba wake machoni, kisha akautazama mkono.

"Leo mkono ni wako, mjomba. Nikishaondoka nacho, mkono ni wangu."

Kaka akafungua vidole polepole. Binti akakinyanyua kisu juu, kwa uangalifu, bila kukiburuta, na katikati ya kiganja cha kaka pakabaki alama za meno, zimejipanga moja nyuma ya nyingine, na mbili kati yake zinavuja damu. Hapo hakijavutwa.

Kaka akamwambia mkuu wa doria visu havijawa tayari. Mkuu akasema aah, havina shida, wao watavichukua hivyohivyo, vijana watazoea, gari limekuja kutoka mbali. Kaka akasema hakitoki hata kimoja. Mkuu akamkumbusha kwamba meno aliyataka yeye mwenyewe mteja. Kaka akakubali kwamba ni kweli, na akasema yeye ndiye aliyepaswa kukataa. Wakitaka kukata matawi, atawatafutia misumeno midogo ya kukunja, ya kweli. Visu vitakuwa na mgongo. Mkuu akanuna, akashusha miwani machoni, lakini aliporudi kwenye gari alikuwa anajipapasa kiganja chake mwenyewe. Binti akapanda gari na wenzake bila kisu. Hakumuaga mama yake kwa maneno, alimshika tu mkono kidogo dirishani, na Bi Tupa hakujua kama amesamehewa au bado.

Watu walipokwisha kuondoka, kaka akauvua ufunguo shingoni, akautupa mezani. Hakusema pole. Alisema tu kwamba meno yenyewe yalikuwa yamechongwa vizuri, mtu angalau angekiri hilo. Bi Tupa akamwambia aende akakatie nayo bati.

Maana hasira haikuwa imemtoka hata chembe. Kazi yake ya miezi imeharibiwa, visu vyote vitakonda kwa kuondolewa meno, mtoto wake ameingia msituni siku ya kwanza bila kisu, na hakuna hata mmoja humu ndani anayejua kuomba radhi, yeye mwenyewe akiwamo. Akabana kisu cha kwanza kwenye jiliwa. Kaka akachukua tupa. Bi Tupa akamwambia ailete, mkono wake unavuja damu. Kaka akamwambia hataki. Akafunga kiganja kwa kitambaa, akaanza kusukuma, vibaya, akiegemea upande mmoja kama alivyofanya siku zote. Bi Tupa akachukua tupa nyingine na kisu kingine, akageukia ukutani ili asimwone. Walifanya kazi kwa muda mrefu hivyo, wamepeana migongo, chuma kinalia kotekote.

Baadaye tupa ya kaka ikanyamaza. Bi Tupa akageuka. Kaka alikuwa amekitoa kisu kwenye jiliwa na kukifungua kitambaa mkononi. Akaulaza mgongo wa kisu juu ya kiganja kilekile chenye alama, akafumba vidole, akamwelekezea mpini huku macho ameyapeleka mlangoni.

"Vuta," akasema.

Bi Tupa akaushika mpini, akavuta kwa hasira zote alizokuwa nazo, na zilikuwa bado nyingi. Kisu kikachomoka.